Walio Chini

Kuzimu ni mahali pa mizimu. Neno lenyewe linajieleza: ku- ya mahali imetangulia, na nyuma yake kuna -zimu, mzizi uliozaa pia mzimu na wazimu. Kiswahili kina majina mengine ya huko waendako wafu, na kila moja lina historia yake. Ahera na jehanamu yalikuja na Uislamu kwa njia ya Kiarabu. Jehanamu lilianzia mbali zaidi, katika bonde la Hinomu nje ya kuta za Yerusalemu. Peponi limetokana na pepo, neno linalobeba upepo na roho kwa pamoja. Toharani ni la Wakatoliki, nalo limesimama juu ya tohara, yaani usafi. Kati ya hayo yote kuzimu na peponi ndiyo ya Kibantu, na kuzimu ndilo walilolichukua wafasiri wa Agano Jipya walipokutana na neno la Kigiriki Hades. Msomaji wa Biblia aliyeko Peramiho au Mfaranyaki, huko Songea, kusini mwa Tanzania, amekwisha kukutana na mungu wa wafu wa Wagiriki, ila amekutana naye akiwa amevaa kanzu ya Kibantu.

Hades lilikuwa jina la mtu kabla halijawa jina la mahali. Kwa masimulizi ya Wagiriki, ndugu watatu, Zeus, Poseidon na Hades, walipiga kura wakagawana ulimwengu: wa kwanza akapata mbingu, wa pili bahari, wa tatu nchi ya giza iliyo chini ya ardhi. Baadaye nchi ikaitwa kwa jina la mwenyewe, kama shamba linavyoitwa kwa jina la mwenye shamba. Huko kuna mito mitano: Styx, Acheron, Cocytus, Phlegethon na Lethe. Kuna mzee mwenye mtumbwi, Charon, anayewavusha wafu kwa nauli. Kuna Cerberus, mbwa wa vichwa vingi, ambaye kwa maelezo ya Hesiod huwatikisia mkia wanaoingia na kuwatafuna wanaojaribu kutoka. Kuna mahakimu watatu, Minos, Rhadamanthus na Aeacus. Waovu wakubwa hutupwa Tartarus, wateule hukaa Elysium, na watu wa kawaida huzurura katika mbuga ya maua ya asfodeli.

Ramani hiyo haikuchorwa siku moja. Kwa Homer, kuzimu ni ukungu na vivuli vinavyolia sauti nyembamba kama popo pangoni. Plato, katika karne ya 4 kabla ya Kristo, aliwaketisha mahakimu watatu penye njia panda. Virgil, mshairi wa Roma aliyefariki mwaka 19 kabla ya Kristo, akaongeza mwenyeji wa kumwongoza mgeni na mitaa ya kukaa wafu kulingana na namna walivyokufa. Mahali penye mitaa, mito na lango panachoreka, na ndiyo sababu watunzi wa leo wa ulimwengu wa kubuni wanapapenda sana. Mmarekani Rick Riordan, katika kitabu cha kwanza cha mfululizo wa Percy Jackson kilichotoka mwaka 2005, aliuweka mlango wa Hades mjini Los Angeles, ndani ya studio ya kurekodia muziki. Mwaka 2020 ulitoka mchezo wa kompyuta uitwao Hades, ambamo mtoto wa mungu huyo anajaribu usiku baada ya usiku kutoroka nyumbani kwa baba yake.

Ulimwengu wa namna hii hujengwa kwa maswali machache. Wafu wako wapi? Mpaka wao na walio hai ni upi? Nani anawahukumu? Nauli ya kuvuka ni nini? Nani anawakumbuka? Na je, yupo anayerudi? Maswali hayohayo yakiulizwa Songea hupata majibu, na baadhi ya majibu yana tarehe na makaburi.

Wafu wa Ungoni, nchi ya Wangoni wa Songea, wako chini na wako karibu. Wangoni walioingia nchi ya Songea katikati ya karne ya 19 walikuwa kizazi cha msafara uliotoka kusini mwa Afrika chini ya Zwangendaba, ukavuka mto Zambezi mwezi Novemba 1835, jua likiwa limepatwa. Kwa Kizulu, ndugu ya lugha waliyotoka nayo wakuu wa msafara huo, wafu huitwa abaphansi, maana yake walio chini. Kingoni cha Songea, kilichochanganyika na lugha za wenyeji waliokutwa, kinawaita mahoka, jina linalotumika pia kwa jirani zao Wamatengo. Muumba ni Chapanga, naye yuko juu na mbali. Mahoka wana majina, wana wajukuu na wana madai. Hawana mfalme wao wa kuzimu. Aliyekuwa babu hubaki babu, aliyekuwa nkosi, yaani mtawala, hubaki nkosi, na ngazi ya heshima iliyokuwapo juu ya ardhi inashuka nao chini bila kuvunjika.

Ukaribu huo unaonekana vizuri katika tambiko. Mzee wa ukoo huenda penye kaburi au chini ya mti uliokubaliwa, humwaga unga mweupe na pombe, humtaja marehemu kwa jina, halafu husema naye kwa lugha ya kawaida ya nyumbani: mtoto anaumwa, mvua imechelewa, mmetusahau au sisi ndio tuliowasahau? Anayesoma Odisei ya Homer, kitabu cha 11, atashtuka kuyaona mambo hayohayo. Odysseus anafika ukingoni mwa nchi ya wafu, anachimba shimo la dhiraa moja kila upande, anamimina humo maziwa na asali, kisha divai tamu, kisha maji, halafu ananyunyiza unga mweupe wa shayiri. Mwisho anachinja kondoo, na wafu wanakusanyika kuinywa damu ili wapate nguvu ya kusema. Mzee wa Kingoni asingehitaji kuelezwa shughuli hiyo ni ya nini. Labda angeuliza tu kwa nini mgeni huyu amesafiri mbali hivyo hadi kukutana na mama yake marehemu, wakati mtu mwenye adabu humzika mama karibu na nyumba.

Mpaka wa kuzimu karibu kila mahali ni shimo au maji. Katika karne ya 19 mmisionari Henry Callaway aliandika Natal kisa cha mtu aliyemfuata nungu ndani ya tundu, akaenda, akaenda, hadi akasikia mbwa wakibweka na watoto wakilia; alikuwa amefika kijiji cha walio chini. Akarudishwa kwao, akakuta matanga yake yamekwisha. Katika nchi ya Kilimanjaro, Wachaga husimulia habari za Marwe, msichana aliyeacha nyani wale maharagwe aliyopewa kulinda, akaogopa wazazi, akajitosa bwawani. Chini ya maji alimkuta bibi kizee, akamtumikia siku nyingi. Alipotaka kurudi aliulizwa achague cha moto au cha baridi. Akachagua baridi, akatumbukiza mikono chunguni, ikatoka imejaa bangili. Hadithi hizo mbili ni za burudani na mafunzo. Ya tatu ilibadilisha historia ya Tanganyika.

Mwaka 1904, huko Ngarambe, karibu na bonde la Rufiji, mtu aitwaye Kinjikitile Ngwale alipandwa na pepo aitwaye Hongo. Simulizi zilizokusanywa mwaka 1968 na wanafunzi wa historia wa Dar es Salaam zinasema alivutwa kwa tumbo hadi kwenye bwawa, akazama, ndugu zake wakihangaika ukingoni. Walidhani amekufa maji. Kesho yake akatoka mwenyewe, mzima, nguo zake kavu. Nguo kavu ndizo zilizowafanya watu waamini. Aliyezama akatoka akichuruzika maji ni mwogeleaji. Aliyetoka mkavu alikuwa kwingine, mahali ambapo maji ni mlango tu. Tangu siku hiyo Kinjikitile akawa mtu aliyekwenda akarudi. Akatangaza kwamba wazee waliokufa watarejea, akajenga nyumba ya ibada, na akaanza kugawa dawa ya maji, mtama na mafuta ya mbono, itakayofanya risasi za Wajerumani, waliokuwa wakiitawala nchi, zigeuke maji.

Wagiriki nao walikuwa na maji ya namna hiyo. Masimulizi ya zamani za Warumi husema mama yake Achilles, Thetis, alimchovya mwanawe katika mto Styx ili silaha isimpenye, akamshika kisigino, na kisigino hakikulowa. Watu wawili waliokuwa mbali kwa maelfu ya miaka na maili waliwaza jambo moja: kinga dhidi ya kifo lazima itoke kwa wafu wenyewe, kwa kuwa hao ndio wamekwisha kumaliza habari za kufa. Tofauti iko katika udhaifu wa dawa. Mtunzi wa hadithi ya Achilles alijua mapema kwamba kinga isiyo na kasoro haina hadithi, akaacha kisigino. Maji ya Ngarambe yalikwenda vitani bila mtunzi.

Vita, vilivyokuja kuitwa vya Maji Maji, vilianza Umatumbi mwezi Julai 1905. Kinjikitile alinyongwa Mohoro mapema Agosti mwaka huo, lakini maji yalikuwa yamekwisha kusambaa. Ungoni yaliletwa na Omari Kinjala kutoka Ungindo, na nkosi Chabruma wa ufalme wa Mshope akayapokea. Ufalme wa pili wa Wangoni, Njelu, wa nkosi Mputa Gama, nao ukaingia. Bunduki za rashasha za Wajerumani zilimaliza mapigano ya wazi katika miezi michache. Kisha ikafuata njaa, kwa kuwa maghala na mashamba yalichomwa kwa makusudi. Hesabu ya waliokufa katika nchi yote ya Maji Maji, wengi wao kwa njaa, imekadiriwa kuanzia 75,000 hadi 300,000. Chabruma alivuka Ruvuma akafia Msumbiji. Mto huo unaanzia katika milima ya Matogoro, inayoonekana kutoka mjini Songea. Mgiriki angesema huo ulikuwa Styx yake.

Tarehe 27 Februari 1906, mjini Songea, Wajerumani waliwanyonga viongozi na wapiganaji zaidi ya 60. Mputa alikuwa miongoni mwao. Alikuwamo pia Mkomanile, mwanamke aliyekuwa nduna, yaani mkuu chini ya nkosi, kutoka upande wa Namtumbo. Wakazikwa katika kaburi moja la pamoja mahali paitwapo Mahenge, palipo leo Makumbusho ya Taifa ya Majimaji, na kila mwaka tarehe hiyo hufanyika kumbukumbu ya kitaifa.

Hapa ndipo swali la hukumu lilipojitokeza kwa namna ambayo Minos hakuwahi kukutana nayo. Wamisionari Wabenediktini walikuwa wamefungua Peramiho mwaka 1898, na kituo chao kilichomwa vitani. Kabla ya kunyongwa, wafungwa walifundishwa dini na padre wa shirika hilo, na baadhi yao wakabatizwa. Kwa mafundisho ya Kikatoliki, aliyebatizwa saa ya kufa ameoshwa dhambi zake zote na njia ya mbinguni iko wazi. Kwa mafundisho ya Kingoni, mtu yuleyule anakwenda kujiunga na mahoka wa ukoo wake, anasubiri unga na pombe, na wajukuu wake watamwomba mvua. Kwa askari aliyeshika kamba, alikuwa mwasi ambaye faili lake limefungwa. Mtu mmoja, siku moja, alipelekwa sehemu tatu.

Kuzimu kwa Wagiriki kuna mahakama moja na hakuna rufaa. Sisyphus anasukuma jiwe lake mlimani bila kikomo, Tantalus amesimama majini na kiu haimwishi. Adhabu hizo ni za wachache waliowakosea miungu. Mahoka hawana mahakama ya namna hiyo, kwa sababu kosa la Kingoni halingoji kifo: linarudi hapahapa kwa ugonjwa wa mtoto au shamba kukauka, na mganga anaitwa aseme ni nani aliyekasirika. Kwa Wagiriki wafu ndio wanaohukumiwa. Kwa Wangoni wafu ndio wanaohukumu, na walio hai ndio wako kizimbani. Ukristo na Uislamu, ambazo leo ndizo imani za wakazi wengi wa Songea, zilikuja na hakimu mmoja aliye juu ya wote wawili. Pwani ya Waswahili ilikuwa imemjua hakimu huyo siku nyingi: Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdalla bin Nasir juu ya magofu ya Pate, unaitaja mioto ya jehanamu kwa majina yake.

Baada ya hukumu kuna nauli. Wagiriki walimwekea maiti sarafu ndogo mdomoni, iitwayo oboli, ampe Charon. Sarafu hizo zimefukuliwa na wanaakiolojia katika makaburi mengi. Lakini sarafu ni alama tu. Nauli yenyewe ni mazishi. Katika Iliadi, kitabu cha 23, mzimu wa Patroclus unamjia Achilles usingizini kumwomba amzike haraka, kwa sababu wafu wengine wanamfukuza asivuke mto. Katika Odisei, wa kwanza kumjia Odysseus pale shimoni ni Elpenor, kijana asiye shujaa, aliyelewa akalala juu ya dari, akaanguka akavunjika shingo, na wenzake wakang'oa nanga bila kumzika. Haombi kulipiziwa kisasi wala kufufuliwa. Anaomba achomwe pamoja na silaha zake, ajengewe kilima cha udongo ufukweni, na juu yake isimikwe kasia aliyokuwa akivutia. Virgil anaweka kanuni kwa hesabu: asiyezikwa huzurura ukingoni miaka 100 kabla ya kuruhusiwa kuvuka.

Songea wanalielewa jambo hili kuliko wanavyoielewa sarafu. Msibani Ungoni, kama kwingi Tanzania, kila aliyefika kaburini hutupa udongo kidogo, kwa konzi au kwa ncha ya jembe. Sophocles aliandika tamthilia nzima, Antigone, juu ya konzi hiyo ya udongo: dada anamfukia kaka yake kwa vumbi dogo tu, kinyume cha amri ya mfalme, na anakubali kufa kwa ajili yake. Mwili ukifukiwa, hata juujuu, mfu ana kwao. Mwili ukikosekana au ukipungua, kuna deni.

Deni la Songea lina jina. Songea Mbano alikuwa nduna wa Njelu, shujaa wa vita ambaye boma la Wajerumani, lililofunguliwa 1897, lilichukua jina lake, na mji ukabaki nalo. Simulizi ya ukoo na ya makumbusho inasema hakunyongwa pamoja na wenzake. Wajerumani walitaka kumbakiza, yeye akakataa kuishi baada ya wenziwe, akanyongwa siku chache baadaye, akazikwa peke yake. Simulizi hiyo inasema pia kwamba kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani. Kwa hiyo Mahenge kuna makaburi mawili: moja lenye watu wengi waliokamilika, na jingine la mtu mmoja asiyekamilika.

Haikuwa ajabu wakati huo. Wasomi wa Ulaya walikuwa wakikusanya mafuvu kutoka makoloni ili kupima na kuainisha watu kwa mbari. Mwaka 2023 wataalamu wa Berlin walimaliza kuchunguza asili ya mafuvu 1,135 ya Afrika Mashariki yaliyokuwa katika makusanyo ya huko: 904 yalihusishwa na Rwanda, 202 na Tanzania, 22 na Kenya. Kwa vipimo vya vinasaba baadhi yake yalikutwa yana ndugu walio hai hadi leo, wakiwamo jamaa wa mshauri wa Mangi Meli, mkuu wa Wachaga aliyenyongwa Moshi mwaka 1900. Mfano wa zamani zaidi ni wa Mkwawa, mtemi wa Wahehe, aliyejipiga risasi mwaka 1898 ili asikamatwe. Fuvu lake lilidaiwa kwa kifungu cha 246 cha Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919. Lilirudishwa 1954, baada ya gavana Edward Twining kulichagua katika makusanyo ya makumbusho ya Bremen, na sasa liko Kalenga, karibu na Iringa. Wahehe na Wangoni walikuwa maadui wakubwa wa karne ya 19. Kwa kupata kichwa cha mkuu wao, Wahehe wamewatangulia.

Tarehe 1 Novemba 2023, rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Mahenge. Kwa Wakatoliki siku hiyo ni sikukuu ya Watakatifu Wote, na inayofuata ni ya kuwaombea marehemu wote. Kalenda ilikuwa imejipanga yenyewe. Alikutana na wajukuu na vitukuu wa Songea Mbano, akasema anaona aibu kwa yaliyotendwa, akaomba msamaha kwa niaba ya nchi yake. Kuhusu kichwa aliahidi kwamba Ujerumani itasaidia kukitafuta, akaonya kwamba hawezi kuahidi kwamba kitapatikana. Miaka 100 ya Virgil ilikuwa imekwisha tangu 2006.

Linabaki swali la kumbukumbu, na hapa kuzimu mbili zinatofautiana zaidi. Kwa Wagiriki, kusahau ni kazi ya wafu. Wanakunywa maji ya Lethe, na jina la mto huo maana yake ni usahaulifu. Baadhi yao walipambana na sharti hilo. Katika makaburi ya kusini mwa Italia, Krete na Thessalia zimefukuliwa karatasi nyembamba za dhahabu, nyingine si kubwa kuliko kidole, zilizozikwa na marehemu kama cheti cha kusafiria. Maandishi yake yanamwelekeza: utaona chemchemi penye mvinje mweupe, usiisogelee, endelea mbele hadi kwenye maji ya Mnemosyne, yaani Kumbukumbu, uwaambie walinzi una kiu.

Kwa watu wa Afrika Mashariki mzigo huo uko upande wa pili. Mwanateolojia wa Kenya, John Mbiti, katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, alitumia maneno mawili ya Kiswahili kuueleza: sasa na zamani. Maadamu yupo anayemkumbuka marehemu kwa jina, marehemu huyo yumo katika sasa. Ni mfu aliye hai. Hilo hudumu vizazi vinne au vitano. Akifa wa mwisho aliyelijua jina, marehemu huzama katika zamani na kuwa roho isiyo na sura. Wafu hawanywi maji yoyote. Walio hai ndio wanaoinywa Lethe kwa niaba yao, kidogo kidogo, kila mara wanaposhindwa kumtaja babu wa babu.

Kwa kipimo hicho Songea Mbano hajazama. Kila alfajiri, katika stendi za Mbezi, Makambako na Mbeya, wapiga debe wanaliita jina lake kwa sauti ya juu kuliko kasisi au mzee wa tambiko yeyote, wakivuta mikoba ya abiria. Wanadhani wanaita mji. Katika habari zote za Wagiriki hakuna shujaa aliyepata sifa ya kutajwa mara nyingi hivyo na watu wasio na nia ya kumsifu. Jina limetunzwa na mwili umepungukiwa.

Mtunzi wa Kiswahili anayetaka kujenga kuzimu ya kubuni hana sababu ya kuazima ramani nzima kutoka Ugiriki, wala si wa kwanza kuingia njia hiyo. Shaaban Robert aliijenga Kusadikika, nchi inayoelea angani, mwaka 1951. Euphrase Kezilahabi, katika Nagona na Mzingile za mwanzoni mwa miaka ya 1990, alimpitisha msomaji katika safari zisizo na ardhi ya kawaida chini ya miguu. William Mkufya, katika Ziraili na Zirani ya mwaka 1999, alithubutu kuandika riwaya nzima ya huko ng'ambo ya kifo. Ikiwa mlango wa Hades ulihamia Los Angeles, hakuna kinachozuia mwingine ufunguke kwenye chemchemi ya Ruvuma, chini ya Matogoro, na mlinzi wake akawa nungu badala ya mbwa. Mahoka wasio na mfalme, wanaohukumu badala ya kuhukumiwa, wanaoishi kwa kutajwa, ni mali ambayo Homer hakuwa nayo.

Ila mtunzi huyo akumbuke mahali hadithi inapokoma. Kinjikitile aliyetoka bwawani na nguo kavu anaweza kuingia katika riwaya; Ebrahim Hussein amekwisha kumwingiza katika tamthilia, mwaka 1969. Kichwa cha nduna hakijawa hadithi bado, kwa sababu hadithi ni ya mambo yaliyokwisha. Elpenor alizikwa alfajiri ileile Odysseus aliporudi kisiwani walikomwacha, na kasia ikasimikwa juu ya kilima chake kama alivyoomba. Songea Mbano anangoja tangu mwaka 1906.